Uzi maalumu: Wabunt wa Tulu Nadu, ukoo unaohesabiwa kwa mama na ardhi iliyoponyoka

Mpangaji wa Zamani

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye uzi ule wa waigizaji wa Kihindi kuna mjumbe aliuliza imekuwaje Aishwarya Rai, Shilpa Shetty na Suniel Shetty wahesabiwe watu wa jamii moja ilhali mmoja ni Rai na wenzake Shetty. Nilijibu mstari mmoja tu, kwamba asili yao wote ni Wabunt wa pwani ya Karnataka, jimbo la kusini magharibi mwa India, nikaandamwa na maswali hadi inboksi ikajaa. Basi nimeona nifungue uzi, maana habari ni ndefu na nusu yake nimeishuhudia kwa macho.

Nilisoma Mangalore, mji wa pwani hiyo, miaka mitatu. Nilipanga chumba cha uani kwa mama mmoja wa Kibunt, wapangaji sote tukimwita Amma. Amma alizaliwa kwenye guttu, yaani nyumba kubwa ya ukoo wenye ardhi, mwendo wa basi kama saa moja na nusu kutoka mjini. Guttu si nyumba tu. Kwa Wabunt guttu ni cheo cha familia, ni anuani, na ni mahali pa mizimu. Mtu akitaka kukujua hakuulizi baba yako nani, anakuuliza wewe wa guttu ipi.

Mwaka wangu wa pili nyumba hiyo ilimaliza kuezekwa upya vigae, ikapangwa sherehe. Mtoto wa kiume wa Amma, fundi wa kompyuta, akaamua kuchora mti wa ukoo autundike ukumbini. Akachora kama wewe na mimi tungechora: yeye, baba yake, babu yake, baba wa babu, mpaka kizazi cha sita. Kazi safi, ina rangi na fremu ya mbao. Dada mkubwa wa Amma, bibi wa miaka 80 na ushei, akavaa miwani, akausoma kuanzia juu mpaka chini bila kusema kitu. Alipomaliza akatamka maneno kwa Kitulu, lugha ya kwao, na Amma akanitafsiria huku akijizuia kucheka:

"Umechora vizuri. Lakini hawa wote ni wageni. Wenye nyumba wako wapi?"

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza maswali. Naendelea chini.

Chumvi Nyingi

Naweka kiti mbele kabisa. Tiririka mkuu, usije ukaingia mitini kama wenzako wa nyuzi za historia.

Mpangaji wa Zamani

Siingii mitini. Kwanza mahali penyewe.

Tulu Nadu ni ukanda mwembamba kati ya milima ya Ghats na Bahari ya Arabu: wilaya za Udupi na Dakshina Kannada, pamoja na Kasaragod, ambayo mipaka ya majimbo ilipochorwa upya mwaka 1956 iliangukia Kerala, jimbo jirani la kusini. Ni minazi, mipopoo, mipunga, na mvua ya masika yao inayopiga miezi minne bila huruma. Lugha ni Kitulu. Wabunt wa kaskazini, upande wa Kundapura, wao husema Kikannada na huitwa Nadava. Wapo pia Wabunt Wajaini, yaani wafuasi wa dini ya Kijaini, na hao ndio walioshika utawala mwingi wa zamani.

Jina lenyewe lina utamu wake. Bunta kwa Kitulu ni mtu mwenye nguvu, askari, na ndilo jina linalopendwa kwenye vitabu vya sifa. Lakini vijijini wanaitwa pia okkelme, yaani wakulima. Mimi naamini hilo la pili limebeba ukweli mwingi zaidi. Upanga unaning'inia ukutani, jembe ndilo lililojenga nyumba.

Sasa kuhusu "wageni" wa yule bibi. Mfumo wao wa urithi unaitwa aliyasantana. Aliya ni mpwa, mtoto wa dada. Santana ni uzao. Sisi Waswahili tuna bahati, neno mpwa tunalo na halihitaji maelezo. Mali ya ukoo ilikuwa ya kutumba, na kutumba ni mama mmoja wa kale pamoja na wote waliotoka kwake kwa kupitia wanawake. Mwanamume ni mwanaukoo kamili. Anakula humo na anaweza kuwa mkuu wa nyumba, anayeitwa yajamana. Ila watoto wake si wa nyumba hiyo. Wao ni wa nyumba ya mama yao. Yeye akifa, funguo zinakwenda kwa mdogo wake au kwa mpwa.

Kwa hiyo kijana wetu alipopanda kwa baba, kisha kwa baba wa baba, alikuwa anaruka nyumba hadi nyumba. Baba yake ni wa guttu nyingine. Babu yake mzaa baba ni wa guttu ya tatu. Kizazi cha sita alikuwa amekwisha tembelea nyumba sita, na ukimtoa yeye mwenyewe, hakuna hata mmoja kati ya wanaume wale aliyezaliwa na mwanamke wa nyumba ile aliyotaka kutundika mchoro. Wageni kweli.

Juu ya kutumba kuna bari, ukoo mpana unaopokelewa kwa mama. Wa bari moja hawaoani, hata kama hawajawahi kuonana. Ndiyo maana mtoto wa mama mdogo ni ndugu yako wa damu, humgusi, lakini binti wa mjomba ruksa, kwa sababu mke wa mjomba lazima ni wa bari nyingine. Majina ya Shetty, Rai, Hegde, Alva, Ballal au Chowta ni vyeo vya heshima vilivyogeuka kuwa majina. Hayakuonyeshi mti. Bari na guttu ndivyo vinavyokuonyesha.

Mluguru Halisi

Mkuu, hii kwetu Uluguru si ngeni hata kidogo. Mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo, wa mama, na mashamba ya mlimani yanafuata huko huko. Bibi yangu angekaa na huyo bibi wa Kitulu wangeelewana bila mkalimani. Swali langu: hao wanaume hawakulalamika? Maana kwetu wanalalamika hadi leo.

Mpangaji wa Zamani

Walilalamika sana, mkuu, na wakaishia mahakamani. Nitafika huko.

Kwanza nikupe mfano wa watu wanaojulikana, uone mfumo unavyojificha kwenye herufi. K. S. Hegde alikuwa jaji wa Mahakama Kuu ya juu kabisa ya India, akajiuzulu mwaka 1973 baada ya kurukwa kwenye uteuzi wa jaji mkuu, kisha akawa spika wa bunge kati ya 1977 na 1980. K ni Kowdoor, kijiji cha Karkala. Mwanawe naye alifika mahakama hiyo hiyo: N. Santosh Hegde. N ni Nitte, kijiji kingine cha Karkala. Baba K, mtoto N. Mtu wa nje atadhani ni makosa ya uchapaji. Mtulu anaona tu kwamba kila mmoja kabeba herufi ya nyumba ya mama yake, anaendelea na chai yake.

Na kuna kejeli humo ndani. Kesi iliyotangulia kujiuzulu kwake, ile maarufu ya Kesavananda Bharati, ilianza kwa ugomvi wa ardhi ya nyumba ya watawa wa Edneer, Kasaragod. Majaji 13 walikaa, wakagawanyika 7 kwa 6, na Hegde alikuwa upande wa wale 7. Kesi kubwa kuliko zote za katiba ya India chanzo chake ni sheria ya kugawa ardhi, kwenye ukanda ule ule wa Watulu.

Bibi Shoka

Mwanangu unasimulia vizuri, lakini kichwa cha habari kinasema ukoo. Asili yao hasa ni wapi? Nani alianzisha hayo mambo ya mpwa?

Mpangaji wa Zamani

Shikamoo bibi. Hapo kuna hadithi, halafu kuna historia.

Hadithi ni ya Barkur, mji wa kale ulio kaskazini ya Udupi. Palikuwa na mfalme Deva Pandya, mwenye biashara ya baharini. Akaunda majahazi mapya, na siku ya kuyashusha majini pepo Kundodara akayazuia, akidai kafara ya mtu. Mfalme akamwomba mkewe atoe mtoto mmoja. Mke akakataa katakata, akachukua wanawe akarudi kwao. Ndipo dada wa mfalme, Satyavati, akamleta mwanawe Jaya Pandya. Pepo akafurahishwa na moyo ule, hakumchinja kijana, akamwachia majahazi, naye akatawazwa kwa jina la Bhutala Pandya. Tangu siku hiyo, wanasema, mali ni ya mtoto wa dada. Wasimulizi wanaipeleka habari hiyo hadi mwaka 77 baada ya Kristo.

Hadithi tamu, na sisi watu wa pwani tunaijua harufu yake: chombo kipya hakishuki majini bila kutoa kitu. Lakini kama ushahidi wa asili haifui dafu. Waalupa, watawala wa kale wa eneo hilo wanaojulikana kwa maandishi ya mawe tangu karne ya 5, ndio walioifanya Barkur kuwa mji mkuu, na wasomi wanauona mfumo wa mpwa ukipata nguvu katika nyumba za watawala karne nyingi baada ya huo mwaka 77. Maandishi ya "sheria ya Bhutala Pandya" yenyewe yalitiliwa shaka tangu enzi za Waingereza.

Kila guttu pia ina hadithi yake binafsi. Wengine watakwambia walishuka kutoka kaskazini, wengine kwamba ni ndugu wa Wanayar wa Kerala, ambao nao walirithishana kwa mama. Mimi nilijifunza kutouliza "mlitoka wapi". Nilijifunza kuuliza "nagabana yenu iko wapi". Nagabana ni kichaka cha nyoka: miti isiyokatwa, na ndani yake mawe yaliyochongwa nyoka. Kila ukoo una kichaka chake cha asili. Familia ikiandamwa na maradhi au mabinti kukosa wachumba, wazee humwita mnajimu, na mara nyingi jibu ni moja: mmesahau nagabana yenu ya kwanza, katafuteni. Hapo watu wazima wenye magari na kazi za benki huanza kuzunguka vijijini wakiuliza vikongwe bibi mzaa bibi alitokea shamba gani. Nasaba nyingi za leo zimefufuliwa hivyo.

Chumvi Nyingi

Tupe basi watu wenye majina. Hizi hadithi za pepo tunazo hata Pemba.

Mpangaji wa Zamani

Haya, Wachowta, ukoo wa watawala wa zamani. Walikuwa Wajaini, walifuata urithi wa mpwa, na jina lao bado linabebwa na Wabunt. Makao yao yalikuwa Ullal, Puttige na Moodbidri. Ikulu yao ya Moodbidri bado ipo, na ndani wazao wao wanaishi. Nenda ukaangalie nguzo za mbao: kwa mbali ni tembo, ukisogea unaona ni wanawake 9 waliosukwa miili hadi wakawa tembo. Nguzo nyingine ni wanawake 5 waliokuwa farasi. Nilisimama pale nikasema fundi huyu alikuwa anaueleza ukoo wenyewe. Mwongozaji akaniambia hapana, ni mapambo tu. Bado sijamwamini.

Kwao walitoka mabinti walioitwa Abbakka, malkia wa Ullal, waliopigana na Wareno. Na hapa historia yetu inagusana na yao. Francisco de Almeida aliyeiteka Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505 alikuwa njiani kwenda India kuwa mwakilishi wa kwanza wa mfalme wa Ureno huko. Wenzake waliofuata ndio waliokuja kudai kodi Mangalore na Ullal. Abbakka wa kwanza alikikalia kiti si kwa kuolewa, bali kwa kuachiwa na mjomba wake Tirumala Raya. Aliolewa na mtawala wa Mangalore wa ukoo wa Banga, na ndoa ikavunjika. Kwingine malkia akiachika anafungasha virago. Kule mume alikuwa na nyumba yake na mke alikuwa na yake, kwa hiyo talaka haikugusa kiti.

Mwaka 1623 msafiri Muitaliano, Pietro Della Valle, alikutana na malkia wa Ullal wa wakati huo. Alitarajia fahari. Akamkuta barabarani, peku, kajifunga nguo ya pamba, akienda kukagua mifereji iliyokuwa ikichimbwa mashambani. Mzungu wa watu alishangaa. Mimi sikushangaa, nilishamwona dada yake Amma asubuhi ya saa 12 akiwa peku kwenye tope la mpunga, akimfokea mtu wa pampu.

Wakili wa Kando

Niongeze upande wa sheria, maana mleta uzi aliahidi mahakama.

Mwaka 1863 Mahakama Kuu ya Madras, jimbo la Waingereza lililotawala eneo hilo wakati huo, iliyakubali yale maandishi ya Bhutala Pandya na kuamua kwamba mwanaukoo hawezi kulazimisha mali ya kutumba igawanywe. Kwa hiyo ardhi ikabaki fungu moja chini ya mkubwa wa ukoo, mwanamume au mwanamke, kwa miaka karibu 90. Watu wakiongezeka hadi mamia, kila mmoja ana haki ya kutunzwa, hakuna mwenye haki ya kukata kipande. Hebu fikirieni ugomvi wa jikoni peke yake.

Ikaja sheria ya Aliyasantana ya Madras ya mwaka 1949. Hii iliruhusu mgawanyo, lakini wa kuudai si mtu mmoja mmoja, bali kavaru. Kavaru ni tawi: mwanamke, watoto wake, na uzao wa mabinti zake. Tawi lenye wanawake wa kuendeleza uzao lilichukua fungu lake liwe lake kabisa. Tawi lililoishiwa, labda limebaki na wazee wa kiume watupu, lilipewa fungu la kutumia maisha yao tu, kisha linarudi kwa matawi yaliyo hai. Halafu sheria ya urithi ya Wahindu ya 1956 ikaja kuruhusu fungu la marehemu kwenda kwa watoto wake mwenyewe.

Matokeo yake ni kwamba ukitaka mti wa kweli wa ukoo wa Kibunt, usiende kwa mtunga sifa. Nenda masijala ya mahakama. Kila dai la mgawanyo lilibidi liambatanishwe na mchoro wa ukoo, na upande wa pili ulikuwa na kila sababu ya kuupekua mstari kwa mstari. Hakuna mhariri mkali kama ndugu anayegombea shamba.

Chumvi Nyingi

Sawa wakili. Lakini naona humu mnawapamba mabwanyenye. Nani alikuwa analima hizo ekari?

Mpangaji wa Zamani

Swali la haki kabisa.

Waliolima walikuwa wapangaji wa ardhi, wengi wao Wabillava na jamii nyingine za chini yao. Kulikuwa na mulageni, mpangaji wa kudumu asiyeondolewa, na chalageni, ambaye bwana akiamka vibaya anamtimua. Kodi ililipwa kwa mchele uliofungwa ndani ya majani makavu ya mpunga kama mpira mkubwa wa kamba, unaitwa mudi. Amma anakumbuka akiwa mtoto mafungu ya mudi yakipangwa ukumbini hadi dari, na wapangaji wakisubiri nje juani. Hakulisema hilo kwa kujigamba.

Na chini kabisa walikuwepo Wakoraga, waliofanyiwa mambo ya kudhalilisha kwa jina la mila, yaliyoitwa ajalu. Karnataka ililazimika kutunga sheria ya kuyapiga marufuku mwaka 2000. Juzi tu hapo. Mtu akiandika nasaba ya guttu akaliruka hili, ameandika nusu.

Kilichovunja mgongo ni mwaka 1974. Chini ya waziri mkuu wa jimbo Devaraj Urs, sheria ya ardhi ilirekebishwa, na kuanzia tarehe 1 Machi mashamba yote yaliyokodishwa yakawa ya serikali, ili apewe anayelima. Mabaraza yakaundwa, wapangaji wakajaza fomu kwa maelfu, na pwani ile ndiko sheria ilikouma kwelikweli. Guttu ya kina Amma ilibaki na nyumba, kiwanja, bustani ya mipopoo na mashamba machache waliyolima wenyewe. Kaka zake wawili walikwenda Mumbai kwenye biashara ya hoteli, njia iliyokwishafunguliwa na Mashetty wengi kabla yao. Wengine wakaenda Ghuba. Benki walikuwa nayo tangu 1931, Vijaya Bank, iliyoanzishwa Mangalore na A. B. Shetty na wenzake wa Kibunt. Mwaka 2019 iliunganishwa na Bank of Baroda, na wazee waliomboleza kama msiba.

Bibi Shoka

Sasa ardhi ikishaondoka, guttu inabaki na nini?

Mpangaji wa Zamani

Inabaki na usiku mmoja kwa mwaka, bibi.

Nilialikwa kwenye kola, ngoma ya mizimu wanayoita daiva. Mganga, ambaye si Mbunt bali wa jamii zenye kazi hiyo kwa urithi, anavishwa sketi ya makuti machanga na njuga nzito za fedha miguuni, uso umepakwa manjano. Usiku wa manane mzimu unapanda. Anatetemeka, njuga zinalia, halafu anasimama wima na kuanza kuita nyumba. Si majina ya watu, ni majina ya nyumba, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio wa heshima uliokuwepo kabla ya baraza lolote la ardhi. Anayeitwa anasogea na kupokea tambuu na popoo. Mwenye kiti cha nyumba ile, mhasibu mstaafu, alisogea na shuka begani, akatetemeka mikono. Siku alipotawazwa alipewa jina la cheo, lile lile alilopewa mjomba wake, na mjomba wa mjomba wake. Ndiyo maana mtafiti akikuta jina moja kwenye hati za miaka 100 asidhani mtu huyo aliishi miaka 100.

Nyumba ya pili ilipoitwa hakutokea mtu. Mganga akarudia mara tatu. Kijana mmoja akanong'ona kwamba mwenyewe yuko Doha, hakupata likizo. Tambuu ikawekwa chini juu ya jani la mgomba, mahali ambapo angesimama, na orodha ikaendelea.

Mluguru Halisi

Mkuu umeniacha na kiu. Ule mchoro wa kijana uliishia wapi?

Mpangaji wa Zamani

Aliuchora upya. Wiki nzima alikaa na bibi, yeye anaandika, bibi anakula popoo na kutaja. Safari hii juu kabisa liliwekwa jina la mwanamke. Bibi alifika wanawake 7 kwenda nyuma, wa nane akamkumbuka kwa ulemavu wa mguu tu, jina hakulijua, wakaandika "bibi mwenye mguu". Juu yake wakaandika jina la nyumba.

Kijana mwenyewe yumo, pembeni, tawi lililokatika. Binti yake hayumo, yuko kwa mama yake. Chini kabisa ni mtoto wa dada yake, msichana wa miaka 4 anayeishi Sharjah na ambaye Kitulu hakijui.

Siku ya sherehe mume wa Amma, mzee mpole sana, alisimama mbele ya fremu akitafuta kwa kidole. Akatafuta juu, akatafuta chini. Nikamuuliza, "Appa, wako uko wapi?" Akacheka, akavuta shati lake sawa.

"Wangu uko kwetu, kilomita 30 kutoka hapa. Huko na mimi ni mwenye nyumba."